Aliyetuma, Aliyeagiza na Aliyetajwa: Dhima ya Mwenye Tovuti katika Historia ya Barua Taka

Waswahili husema mjumbe hauawi. Kauli hiyo imejengwa juu ya dhana isiyotamkwa: kwamba anayepokea risala anamjua aliyeituma, na kwa hiyo hasira yake ina mahali pa kwenda. Barua pepe iliivunja dhana hiyo tangu mwanzo. Kanuni za usafirishaji wake zilizoandikwa na Jonathan Postel na kuchapishwa mwezi Agosti 1982 hazikuweka njia yoyote ya kuhakiki kwamba jina lililoandikwa mahali pa mtumaji ni la mtumaji kweli. Makala haya yanafuatilia swali lililozaliwa na pengo hilo. Barua taka inapoisifu tovuti fulani, na wapokeaji wakaitolea taarifa, mwenye tovuti anawajibika kwa kiasi gani kwa barua ambayo hakuiandika? Ninaandika kama mwanaisimu, si mwanasheria, na nitaeleza mwishoni kwa nini suala hili linatuhusu sisi watu wa lugha.

Mwanzoni swali lenyewe halikuwepo. Tarehe 3 Mei 1978, mfanyakazi wa kampuni ya Digital Equipment Corporation aliwatumia mamia ya watumiaji wa mtandao wa ARPANET tangazo la kompyuta mpya za kampuni hiyo. Mwaka 1994, mawakili wawili wa Arizona walisambaza tangazo la huduma zao za bahati nasibu ya ukaazi wa Marekani katika maelfu ya vikundi vya majadiliano vya Usenet. Lawama zilikuwa nyingi mara zote mbili, lakini hazikupotea njia, kwa kuwa aliyetuma, aliyenufaika na aliyetajwa walikuwa ni walewale.

Mambo yalibadilika mwanzoni mwa 1997, katika tukio ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha historia hii. Tovuti ya joes.com ilikuwa ikiwapa watu nafasi ya kuweka kurasa zao. Mtumiaji mmoja alitangaza ukurasa wake kwa barua taka, na mwenye tovuti, Joe, akaifunga akaunti yake. Mtumiaji huyo akalipiza kisasi kwa kutuma barua taka nyingine zilizoghushiwa zionekane kuwa zimetoka kwa Joe mwenyewe. Wapokeaji wakamjibu kwa matusi. Wengine, waliojiona walinzi wa mtandao, wakaishambulia seva yake hadi huduma ikakwama. Hila hiyo inaitwa kwa jina la Joe katika istilahi za Kiingereza hadi leo. Ajabu ni kwamba mtu huyu aliadhibiwa kwa kutenda jambo ambalo jamii ya mtandao inamtaka kila mwenye tovuti alitende: alibaini kosa, akamwondoa mkosaji.

Mwaka uliofuata, 1998, Julian Haight alianzisha SpamCop, huduma iliyorahisisha kazi ya kulalamika. Mpokeaji aliwasilisha barua pamoja na vichwa vyake vya kitaalamu. Programu ikaichambua na kutuma taarifa pande mbili, kwa mtoa huduma wa mahali barua ilipotokea na kwa anayehifadhi tovuti zilizotajwa ndani yake. Mantiki ya upande wa pili ni nzito. Mtumaji anaweza kughushi anwani yake, lakini mfanyabiashara hawezi kuficha mlango wa duka, kwani akiuficha hatapata wateja. Kuanzia 2004, orodha za SURBL zilitumia mantiki hiyohiyo kuzuia barua kwa kuangalia viungo vilivyomo ndani yake. Hata hivyo, mlango wa duka unaweza kuoneshwa na mtu yeyote, akiwemo adui wa mwenye duka. Taarifa ya mpokeaji inathibitisha kwamba tovuti ilitajwa. Nani aliyeagiza itajwe, hilo halimo katika taarifa hiyo.

Sheria ya Marekani ya kudhibiti barua taka ilitiwa saini tarehe 16 Desemba 2003 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2004. Kwa mwanaisimu, utamu wake umo katika vitenzi. Haikuishia kwa anayeanzisha ujumbe. Ilimwingiza pia anayemlipa mtu mwingine kwa makusudi, au kumshawishi, ili auanzishe kwa niaba yake. Kifungu kingine kinahusu biashara inayotangazwa kwa barua zenye vichwa vya uongo. Humo mwenye biashara anapatikana na kosa endapo alijua, au alipaswa kujua, kwamba anatangazwa kwa njia hiyo. Endapo alipata au alitarajia faida. Na endapo hakuchukua hatua za busara kuzuia, au kugundua na kutoa taarifa. Masharti yote matatu yanahitajika kwa pamoja.

Masharti ya namna hii yalipimwa katika shauri la serikali dhidi ya kampuni ya Cyberheat, iliyouza picha za ngono kupitia mawakala waliolipwa kamisheni kwa kila mteja waliyemleta. Mawakala ndio waliotuma barua. Mwezi Machi 2007 mahakama ya shirikisho ya Arizona ilikataa kuamua jambo hilo bila kusikiliza ushahidi: kulipa kamisheni peke yake hakukutosha kuitia kampuni hatiani, na kudai kwamba mawakala walijitegemea hakukutosha kuiokoa. Kilichohitaji kuchunguzwa ni kampuni ilijua nini na ilikuwa na uwezo gani wa kuwadhibiti. Hapa ndipo malalamiko yanapopata uzito. Katika biashara ya mawakala, kiungo kilichomo kwenye barua kwa kawaida hubeba namba ya wakala. Mwenye tovuti aliyeletewa barua hiyo anaweza kumtambua wakala, kusimamisha malipo yake na kumwondoa. Kabla ya taarifa ya kwanza anaweza kusema hakujua. Akiendelea kulipa baada ya taarifa ya kumi, kauli hiyo haimsaidii tena.

Ufundi nao haujalifunga pengo. Mifumo ya SPF (2006), DKIM (2007) na DMARC (2015) humsaidia mpokeaji kuhakiki kikoa kilichotuma barua. Joe angenufaika nayo sana. Lakini haina la kusema kuhusu tovuti inayotajwa katika mwili wa barua iliyotumwa kihalali kutoka kikoa kingine.

Sasa nigeukie kwetu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, iliyoandikwa kwa Kiingereza, inashughulikia ujumbe usioombwa katika kifungu cha 20. Vitenzi vyake ni vitatu: kuanzisha utumaji, kuusambaza tena ujumbe, na kughushi vichwa vyake, kwa nia ya kutenda kosa. Mwenye tovuti inayotangazwa hatajwi katika kifungu hicho. Mwaka 2021 Tanzania ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, na kazi ya kutafsiri sheria kama hizi imewaangukia wenzetu. Kuna kishawishi cha kukusanya kila kitu chini ya neno "mtumaji", kwa sababu ni fupi na linaeleweka. Lakini Kiswahili kinatofautisha vizuri: aliyetuma, aliyetumwa, aliyeagiza, aliyenufaika, aliyetajwa. Wakala wa kamisheni ni aliyetuma. Kampuni inayomlipa huku ikijua ni iliyoagiza. Joe alikuwa aliyetajwa tu. Mfasiri atakayeandika "mtumaji" pekee atamwacha huru aliyeagiza. Na atakayetaka kuziba mwanya huo kwa kuandika "mwenye tovuti iliyotangazwa", bila kuongeza "akijua" au "akiwa ameagiza", atakuwa amemtia Joe hatiani.