Amani Iliyoahirishwa

Kiswahili kina methali mbili zinazoshindana. Ya kwanza husema kuwa haraka haraka haina baraka. Ya pili husema kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Msemaji huchagua ile ifaayo haja yake, na ni nadra mtu kuulizwa ipi ina kweli zaidi. Katika historia ya Waisraeli na Wapalestina swali hili limeulizwa, tena si kwa maneno tu, bali kwa roho za watu. Mara mbili, mwaka 1978 na mwaka 1993, wakubwa waliafikiana kwamba mambo mepesi yatangulie na mazito yangoje ndani ya muda wa miaka mitano. Mara zote mbili miaka mitano ilipita, na yaliyongojewa hayakuja. Yafaa kuchunguza kosa lilikaa wapi: katika mwendo wa polepole, ama katika jambo jingine.

Mzozo wenyewe ni wa nchi moja inayopendwa na kaumu mbili. Mnamo 29 Novemba 1947 Umoja wa Mataifa uliamua, kwa kura 33 dhidi ya 13, kwamba Palestina iliyokuwa chini ya Waingereza igawanywe iwe dola mbili, moja ya Wayahudi na moja ya Waarabu. Viongozi wa Wayahudi walikubali; viongozi wa Waarabu walikataa, kwa kuwa waliona nchi yao inakatwa bila ya ridhaa yao. Dola ya Israel ilitangazwa 14 Mei 1948. Katika vita vya wakati ule Wapalestina wapatao 700,000 walikimbia au walifukuzwa makwao, wala hawakuruhusiwa kurudi. Hivyo mwaka mmoja ukapata majina mawili. Kwa Wayahudi, ambao ndugu zao milioni sita walikuwa wameuawa Ulaya miaka michache nyuma, ulikuwa mwaka wa uhuru. Kwa Wapalestina ulikuwa mwaka wa Nakba, yaani msiba mkuu. Kisha Juni 1967, katika vita vya siku sita, Israel ilitwaa Ukingo wa Magharibi pamoja na Yerusalemu ya Mashariki, Gaza, rasi ya Sinai na milima ya Golan. Novemba ya mwaka ule ule, Azimio 242 la Baraza la Usalama liliweka msingi ambao mazungumzo mengi yameurejea tangu hapo, nao ni kurudisha ardhi na kupata amani.

Wa kwanza kujenga juu ya msingi huo alikuwa Anwar Sadat, Rais wa Misri. Novemba 1977 alisafiri hadi Yerusalemu, akahutubia Bunge la watu aliopigana nao miaka minne kabla. Septemba ya mwaka uliofuata, yeye na Menachem Begin, Waziri Mkuu wa Israel, walikaa siku 13 huko Camp David pamoja na Rais Jimmy Carter wa Marekani, wakatoka na hati mbili. Hati moja ilihusu Misri na Israel, na mwisho wake ulitajwa waziwazi: Sinai itarudi kwa Misri, na Misri itaitambua Israel na kufanya amani nayo. Utekelezaji ulikwenda hatua kwa hatua hata Aprili 1982, lakini tangu siku ya kwanza kila mtu alijua safari inaishia wapi. Hati nyingine ilihusu Wapalestina. Ilisema kuwa wakazi wa Ukingo wa Magharibi na Gaza watapata madaraka ya kujitawala kwa muda wa mpito wa miaka mitano, na ndani ya muda huo hatima ya nchi itazungumzwa. Hatima hiyo itakuwa ipi, hati haikusema; na Wapalestina wenyewe hawakuwamo chumbani.

Hati hizo mbili zilitiwa saini siku moja, kwa mikono ya watu wale wale. Ya kwanza iliishi. Mkataba kamili ulifuata 26 Machi 1979. Na ingawa Sadat aliuawa na askari wa jeshi lake 6 Oktoba 1981, Israel iliendelea kuondoka Sinai, na serikali ya Begin ikauvunja mji wa walowezi wa Yamit juu ya vilio vya waliokaa humo. Ya pili ilikufa pasipo matanga. Haikutenguliwa na mtu. Ilizungumzwa, ikachosha, ikaachwa.

Miaka kumi na mitano baadaye umbo la hati iliyokufa lilifufuliwa. Mwaka 1993 kila upande ulikuwa na sababu ya kutaka suluhu. Wapalestina wa Ukingo wa Magharibi na Gaza walikuwa katika maasi tangu Desemba 1987, na maasi hayo yaliwaonyesha Waisraeli wengi kwamba kutawala watu wasiotaka kutawaliwa kuna gharama. Yasser Arafat, mkuu wa Chama cha Ukombozi wa Palestina, alikuwa amepoteza fedha na marafiki kwa kuelemea upande wa Iraq katika vita vya Ghuba vya 1991. Sheria ya Israel iliyowakataza raia wake kukutana na chama hicho iliondolewa Januari 1993, na mwezi ule ule wanazuoni wawili wa Israel, Yair Hirschfeld na Ron Pundak, walianza kuonana kwa siri na Ahmed Qurei wa upande wa Palestina katika nchi ya Norwei. Walichoanza wao kilipokelewa na serikali. Tarehe 13 Septemba 1993, katika uwanja wa Ikulu ya Marekani, Yitzhak Rabin, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi ya Israel katika vita vya 1967, alipeana mkono na Arafat mbele ya Rais Bill Clinton. Mkono wa Rabin ulionekana kusita; lakini ulitolewa.

Lililofanyika lilikuwa kubwa. Kwa barua walizopelekeana, Arafat alikiri haki ya Israel kuwapo kwa amani na usalama, na Rabin alikitambua chama cha Arafat kuwa mwakilishi wa Wapalestina. Walakini mizani haikuwa sawa: upande mmoja ulitambua dola, na upande wa pili ulitambua mjumbe. Dola ya Palestina haikuahidiwa katika mapatano. Yerusalemu, wakimbizi, makazi ya walowezi, ulinzi na mipaka, mambo ambayo ndiyo ugomvi wenyewe, yaliwekwa kando yazungumzwe kabla ya kwisha kwa mpito wa miaka mitano.

Waliofanya hivyo hawakuwa wajinga. Rabin alijua kuwa wingi wake Bungeni ni mwembamba. Mapatano ya pili, ya Septemba 1995, yalipita kwa kura 61 dhidi ya 59. Arafat naye alijua kuwa hawezi kuwaambia wakimbizi walio Lebanoni na Yordani kwamba ameuza marejeo yao. Ilidhaniwa kuwa watu wakizoea kuishi bila ya risasi, imani itaota, na penye imani mazito yatakuwa mepesi. Dhana hiyo ilikuwa ya heri, ila ilisahau jambo moja: muda hauna mwenyewe. Mpenda amani na mchukia amani hupewa saa zilizo sawa, na mchukia amani hahitaji saa nyingi.

Tarehe 25 Februari 1994, mlowezi Baruch Goldstein aliwapiga risasi waumini waliokuwa wakisali katika Msikiti wa Ibrahimu mjini Hebron, akaua watu 29. Aprili ya mwaka ule Hamas, iliyoyapinga mapatano, ilianza kulipua mabomu ya kujitoa mhanga katika miji ya Israel, Afula kisha Hadera. Tarehe 4 Novemba 1995 Rabin alipigwa risasi mjini Tel Aviv, akitoka katika mkutano wa amani. Muuaji, Yigal Amir, alikuwa Myahudi aliyeamini kuwa kutoa ardhi ile ni uhaini. Mabomu mengine yalifuata mapema mwaka 1996, na Mei ya mwaka huo Shimon Peres, mrithi wa Rabin, alishindwa na Benjamin Netanyahu kwa kura zisizofika 30,000.

Mbali na wauaji, palikuwa na kazi ya kimya ya kila siku. Walowezi katika Ukingo wa Magharibi, bila ya kuhesabu Yerusalemu ya Mashariki, walikuwa yapata 110,000 mwaka 1993. Ilipofika mwaka 2000 walikaribia 190,000. Mpalestina aliyeambiwa angoje aliona vilima vya kijiji chake vikijengwa hali akingoja, na njia ya kwenda kazini ikifungwa kwa vizuizi na vibali. Mwisraeli aliyeambiwa angoje alipanda basi na moyo mkononi. Kila mmoja aliona kuwa ametoa na hakupewa. Muda uliokusudiwa kuotesha imani ukaotesha shaka.

Ndipo Julai 2000, mwaka mmoja na zaidi baada ya mpito kwisha, Clinton alipowaita Arafat na Ehud Barak, Waziri Mkuu wa Israel, huko Camp David. Mambo yaliyokwepwa kwa miaka saba yalimwagwa mezani kwa wiki mbili, na hayakumalizika. Septemba maasi ya pili yalizuka, yakaua Wapalestina zaidi ya 3,000 na Waisraeli wapatao 1,000 kabla ya kupoa mwaka 2005. Ajabu ni kuwa Januari 2001, moto ukiwaka, wajumbe walikutana Taba, wakajadili ramani ya mipaka na hata suala la wakimbizi. Lakini uchaguzi wa Israel ulikuwa mlangoni, na mkutano ukavunjika.

Yaweza kujibiwa kuwa Sinai si mfano mwema, kwa sababu ni jangwa pana lenye watu wachache, wala hapana Myahudi na Mwarabu wanaosali juu ya jiwe lile lile kule, kama ilivyo Yerusalemu. Hoja hiyo ni ya kweli, na haifai kupuuzwa. Lakini ugumu wa jambo ni sababu ya kulitaja mapema, wala si ya kulificha. Ahadi ya Sinai ilikuwa na mwisho unaojulikana, kwa hiyo iliweza kumzika mwenye kuiweka na bado ikasimama. Ahadi ya Oslo ilikuwa na njia pasipo mwisho, kwa hiyo ilitegemea uhai wa watu wachache, na risasi moja ilitosha kuitikisa.

Kwa hiyo zile methali mbili hazigombani. Anayeambiwa asiharakishe ni msafiri ajuaye aendako. Huyo polepole humfikisha. Asiyejua aendako, kungoja kwake ni njaa tu.

Mwisho huo umeandikwa zaidi ya mara moja tangu hapo. Machi 2002 nchi za Kiarabu, zilizokutana Beirut, ziliahidi uhusiano wa kawaida na Israel iwapo itaondoka katika ardhi ya 1967, dola ya Palestina ikasimama, na suala la wakimbizi likapata suluhu ya haki. Desemba 2003 Yossi Beilin na Yasser Abed Rabbo, bila ya kuwa na madaraka ya serikali, walitangaza huko Geneva mfano wa mkataba mzima, ambao ndani yake kila jambo lililoahirishwa lilipewa jibu. Karatasi hizo hazikuzuia yaliyofuata. Mnamo 7 Oktoba 2023 Hamas na wenziwe waliwaua watu wapatao 1,200 nchini Israel na kuwateka 251. Na vita vilivyofuata viliua Wapalestina zaidi ya 60,000, kwa hesabu ya wizara ya afya ya Gaza, kabla ya mapatano ya kusimamisha vita ya Oktoba 2025.

Baada ya maafa kama hayo kutumaini huonekana kama utoto. Hata hivyo historia haisemi kuwa kaumu hizi mbili zilijaribu kila njia zikashindwa. Yasema kuwa zilijaribu mara mbili kuanza safari bila ya kutaja mwisho wake, na kwamba mahali pamoja, Sinai, mwisho ulipotajwa kwanza, adui wa vita vinne alikuwa jirani. Watakaokaa mezani tena watakuta masuala yale yale yakiwangoja: Yerusalemu, wakimbizi, walowezi, ulinzi, mipaka. Wakianza na hayo, huenda wakachelewa sana. Wakianza na mengine, watoto wa watoto wao watayakuta pale pale.