Mahandaki ya TAZARA na majina tuliyoyasahau

Katika miji mikubwa ya ulimwengu treni hupita chini ya mitaa, na juu yake watu wamelala usingizi. London walianza mwaka 1863. Mimi niliyezaliwa Ngumbo, mwambao wa Ziwa Nyasa, handaki la kwanza kuliona lilikuwa la milimani, kwenye reli ya TAZARA.

Ilikuwa mwaka 1999, nikienda Dar es Salaam kusomea uandishi wa habari. Nilipanda meli hadi Itungi, nikapanda basi hadi Mbeya, kisha treni. Tulipoiacha Makambako na kuanza kuteremka kuelekea Mlimba, behewa liliingia giza totoro. Nikashtuka. Mzee aliyeketi mbele yangu akacheka, akasema: "Usiogope giza hili, mwanangu. Sisi tulilikuta likiwa mwamba."

Kumbe alikuwa kibarua wa ujenzi wa reli ile. Tulipotoka kwenye mwanga alinionyesha mkono wake wa kushoto. Kidole kimoja hakikuwapo.

Tukumbuke ilivyokuwa. Mwaka 1964 Benki ya Dunia iliikataa reli hii, ikisema haina faida. Mwaka uliofuata walowezi wa Rhodesia wakajitangazia uhuru wao, na Zambia, ambayo shaba yake ilipitia huko kwenda baharini, ikabanwa. Mwaka 1967 Tanzania, Zambia na China zikatia saini mkataba mjini Beijing. Kazi ilizinduliwa Oktoba 1970, na mwaka 1975 reli ikafika Kapiri Mposhi: kilomita 1,860, madaraja 320, mahandaki 22.

Mahandaki mengi yako kati ya Mlimba na Makambako, mahali pa mvua, matope na maporomoko ya ardhi. Vijana wetu, wakiwamo waliotoka Jeshi la Kujenga Taifa na Umoja wa Vijana wa TANU, walifanya kazi huko pamoja na Wachina, kwa zamu, mchana na usiku.

Wachina zaidi ya 60 walipoteza maisha katika ujenzi ule. Gongo la Mboto kuna makaburi yao, na wenzao hufika kuweka mashada. Wanafanya vizuri, mtu huheshimu wafu wake.

Swali langu linatuhusu sisi. Ni mwanafunzi gani wa leo anayeweza kumtaja kibarua mmoja, mmoja tu, wa Kitanzania aliyetoboa milima ile? Tunayataja majina ya viongozi waliotia saini, na wanastahili. Lakini kalamu haitoboi mwamba.

Nauliza kwa sababu kwetu tumezungumziwa kwa miaka mingi reli ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay. Siku itakapojengwa, itabidi iteremke kutoka milima ya Umatengo hadi ziwani, na huenda milima ikatobolewa tena. Naomba siku ya kwanza ya kazi lifunguliwe daftari: jina la kila kibarua, kijiji chake, na yaliyompata kazini. Daftari hilo liwekwe mahali ambapo wajukuu watalisoma.

Yule mzee alishuka Mlimba. Nilimsaidia mzigo wake, nikamwambia kwaheri. Mimi, niliyekuwa njiani kwenda kujifunza kuuliza maswali, sikumwuliza jina lake.