Stabilaiza ya usukani: kuichagua na kuifunga, kwa mfano wa Wattaya, Maskati

Stabilaiza ya usukani ni shokapu ndogo inayolazwa mbele ya gari, ncha moja ikishikwa na chesi au ekseli na ya pili ikishikwa na fimbo ya usukani. Ndani yake mna pistoni inayosukuma mafuta yapite kwenye matundu membamba. Kadiri inavyosukumwa kwa kasi ndivyo mafuta yanavyogoma kupita. Dereva anayekata kona taratibu haihisi kabisa. Gurudumu likigonga jiwe na kutaka kumpokonya usukani, hapo ndipo inapofanya kazi. Shokapu za magurudumu aghalabu hukaza zaidi zinapovutwa kuliko zinapobanwa, lakini hii hukaza sawasawa pande zote mbili, kwa kuwa gari hukata kushoto kama linavyokata kulia. Kifaa cha ukoo huohuo hufungwa kwenye gurudumu la pua la ndege ndogo kama Cessna ili lisitapetape wakati wa kutua.

Kwa magari ya njia mbovu, stabilaiza ina umuhimu zaidi pale ekseli ya mbele ilipo chuma kimoja kisichogawanyika: Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70 na 80, Nissan Patrol za Y60 na Y61, Jeep Wrangler, Suzuki Jimny, na Land Rover Defender za zamani zilizokoma kuundwa mwaka 2016. Magurudumu mawili yaliyoungwa kwa chuma kimoja hupeana mishtuko. Kinacholigonga la kushoto hulifikia la kulia, kisha usukani.

Wattaya ni eneo la Maskati lililo katika wilaya ya Matrah, kati ya Qurum na Ruwi, kando ya Barabara ya Sultan Qaboos. Linajulikana kwa kumbi za kuuzia magari, gereji na biashara ya vipuri. Maskati ina familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, za Waomani waliotoka Zanzibar na mwambao wa Afrika ya Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970.

Sababu za stabilaiza kuchakaa upesi Omani zinaonekana kwenye ramani. Wiki nzima gari hukimbia barabara kuu, ambako kikomo cha mwendo hufika kilomita 120 kwa saa. Ijumaa hupelekwa kwenye mawe ya Wadi Bani Awf, kati ya Al Hamra na Rustaq, au kwenye mchanga wa Sharqiya, uliokuwa ukiitwa Wahiba. Njia ya Jebel Akhdar ina kizuizi cha polisi kinachoruhusu magari ya 4x4 peke yake. Kisha kuna joto. Mwezi Juni 2018, Quriyat, mji wa pwani kusini-mashariki ya Maskati, ulipitisha saa 24 bila joto kushuka chini ya digrii 42.6. Mafuta ya shokapu hulegea kwa joto la namna hiyo, na mpira wa sili na wa bushi hukauka na kupasuka. Anayependa kuendesha ufukweni huongeza chumvi, ambayo hula fimbo ya kromu; fimbo ikishaota kutu hukwaruza sili, na mafuta huvuja.

Hata hivyo, stabilaiza iwe kitu cha mwisho kununuliwa. Gari linalotikisa usukani kwa nguvu likigonga kiraka cha lami kwenye mwendo wa kilomita 70 au 80 lina ugonjwa mahali pengine, na stabilaiza mpya huuficha kwa miezi michache tu. Wakati huo wote chanzo kinaendelea kulika, na kinachofuata huwa kibaya kuliko cha kwanza. Fundi mwaminifu huanza chini ya gari, tairi zikiwa zimekanyaga ardhi na injini ikiwaka. Mtu mmoja huchezesha usukani kushoto na kulia kwa vipande vifupi, mwingine hutazama na kugusa kila kiungo: tairodi, boksi ya usukani mahali ilipofungwa kwenye chesi, na ile fimbo ya Panhard inayozuia ekseli isiende upande. Bushi za fimbo hiyo ndizo mara nyingi zenye hatia. Kiungo kinachocheza kabla ya gurudumu kugeuka kimekwisha.

Baadaye gari hupigwa jeki. Tairi hushikwa juu na chini na kutikiswa. Ikicheza, msaidizi akanyage breki na itikiswe tena: mchezo ukitoweka, beringi ya gurudumu imelegea, ukibaki, tatizo liko kwenye kingipini, yaani pini ambayo gurudumu hugeukia. Kwa Land Cruiser na Patrol za ekseli nzima jaribio hili dogo huokoa fedha nyingi, maana beringi za kingipini hulika kimyakimya. Tairi nazo zipimwe balansi, na upepo uangaliwe, kwani aliyepunguza upepo kwa ajili ya mchanga na kurudi barabarani bila kuujaza atapata mtikisiko usiohusiana na kipuri chochote. Gari lililoinuliwa kwa springi ndefu lipimwe pia pembe ya kasta, yaani mlalo wa kingipini kuelekea nyuma. Ekseli huzunguka kidogo kadiri chesi inavyopanda, kasta hupungua, na usukani hupoteza tabia ya kurudi wenyewe katikati. Upungufu huo hauponywi kwa stabilaiza yoyote, hata ziwe mbili.

Yote hayo yakiwa mazima, stabilaiza yenyewe hujaribiwa kwa kufunguliwa ncha moja na kusukumwa kwa mkono. Inayofaa hugoma sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho, kwenda na kurudi. Ikiwa na mahali inapokwenda bure, au ikidondosha mafuta, itupwe. Unyevunyevu mwembamba wenye vumbi karibu na sili si kosa.

Katika kuchagua, rangi na jina lililoandikwa ubavuni vina uzito mdogo kuliko urefu. Usukani ukatwe wote upande mmoja, upimwe umbali kati ya sehemu mbili za kufungia. Kisha ukatwe upande wa pili, upimwe tena. Stabilaiza ikibanwa kabisa lazima iwe fupi kuliko kipimo kidogo, na ikivutwa kabisa iwe ndefu kuliko kipimo kikubwa, kukiwa na nafasi ya ziada ya sentimita moja au zaidi kila upande. Hapa hapafai kubahatisha. Stabilaiza inayofika mwisho kabla ya usukani kufika kwenye vizuizi vyake hugeuka kuwa kizuizi yenyewe. Hupunguza kona, na hupinda fimbo au kung'oa mabano yake. Aina ya ncha nayo itazamwe: nyingine zina jicho lenye bushi, nyingine msumari wa nati, nyingine pini iliyochongoka kama ya tairodi.

Shokapu ya kawaida ya mirija miwili haifai kulazwa badala yake, hata urefu ukilingana. Ndani yake hewa hukaa juu ya mafuta. Ikilazwa, hewa huingia kwenye matundu na ukinzani hupotea. Zile za mrija mmoja zenye gesi ya shinikizo kubwa hulala vizuri, ila gesi husukuma fimbo itoke daima, na gari laweza kuvuta upande mmoja. Anayehisi mvuto huo baada ya kufunga kifaa kipya akifungue na ajaribu barabara tulivu kwa mwendo mdogo. Mvuto ukiondoka, ameshajua.

Stabilaiza mbili kwa pamoja huuzwa sana kwa mapambo. Kwa gari lenye tairi za kiasi hulifanya liwe zito mkononi na lichelewe kunyooka baada ya kona. Kwa safari za wadi na mchanga, moja yenye ukubwa wa asili na sili nzuri yatosha.

Kufunga si kazi kubwa. Gari lisimame sawa, magurudumu yakiwa yamenyooka na kuwekewa vigingi. Kotapini hutolewa, nati hulegezwa, na pini iliyochongoka hung'olewa kwa pula. Pasipo pula, jicho linaloishika hupigwa nyundo mbili kwa pamoja ubavuni. Pini yenyewe isipigwe kichwani, kwani uzi wake ukiharibika fimbo nzima yaweza kuhitaji kubadilishwa. Kifaa kipya kibanwe na kuvutwa mara kadhaa kikiwa kimelazwa, ili mafuta yaenee. Sehemu ya pini iliyochongoka ifutwe ikauke bila grisi. Nati zikazwe kwa kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha gari, na kotapini iwe mpya. Ya zamani iliyonyooshwa hukatika. Kisha usukani ukatwe mwisho hadi mwisho, mtu akitazama kama kuna kinachogusa tairi, springi au bomba la breki. Baada ya safari ya kwanza ya mawe nati zikaguliwe tena.

Wapo wanaonunua Wattaya na kupeleka kwa jamaa Unguja, Pemba au Mombasa. Omani huendesha kulia na usukani wa gari uko kushoto. Afrika ya Mashariki ni kinyume chake. Kwa baadhi ya modeli mpangilio wa fimbo na mabano hutofautiana kati ya usukani wa kushoto na wa kulia, na namba ya kipuri hubadilika ingawa jina la gari ni lilelile. Anayenunua aende dukani na stabilaiza ya zamani mkononi, namba ya chesi, na vile vipimo viwili vilivyoandikwa kwenye karatasi.