Kafi Si Kasia

Mara ya kwanza nilipokaa kwenye kayaki, katika hori ya Mida karibu na Watamu, niliambiwa nivute kasia. Nikavuta. Nilivuta kwa mikono, kwa mabega, kwa shingo, na chombo kikawa kinazunguka palepale. Mzee mmoja alikuwa akipita na mtumbwi wake kando ya mikoko, amesimama tezini anasukuma kwa pondo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama kitambo. “Mwanangu,” akasema, “hilo si kasia. Hilo kafi. Kafi halivutwi, hupigwa.” Akachomeka pondo matopeni, akaenda zake.

Kwa miaka mingi nimeyaandika maneno hayo mawili kana kwamba ni kitu kimoja, na magazetini pia kila kitu cha kupigia maji huitwa kasia. Kumbe yako mbali. Kasia ni refu na limeshikizwa chomboni: hutiwa kwenye kishwara, kile kitanzi cha kamba kilichofungwa ukingoni, na mvutaji hukaa ameipa omo mgongo. Yeye anavuta kweli, maana chombo kinamshikia kasia lake. Kafi ni fupi, bapa lake pana, halifungwi popote. Limo mikononi tu, na anayelishika hutazama kule anakokwenda.

Kafi la kayaki lina mabapa mawili, moja kila ncha. Ukilivuta kama kasia, mzigo wote unauangukia mkono, kwa sababu hakuna kishwara cha kuupokea. Kulipiga ni jambo jingine. Unachomeka bapa majini karibu na vidole vya miguu, mikono imekaribia kunyooka, kisha unageuza kiwiliwili kizima mpaka bapa lifike usawa wa nyonga; hapo unalitoa, na la upande wa pili liko tayari juu. Bapa linakaa karibu palepale lilipoingia, chombo ndicho kinachosogea kulipita. Nilipolishika neno la mzee, mabega yaliacha kuuma kabla ya wiki kwisha.

Kafi pia ndilo linalotenganisha vyombo. Tangu mchezo huu uingie kwenye mashindano ya Olimpiki yenye medali, Berlin mwaka 1936, kuna mbio za herufi K na mbio za herufi C. Wa K ameketi miguu mbele, kafi lake lina mabapa mawili. Wa C kafi lake lina bapa moja. Sisi tunaviita vyote mitumbwi. Kwa maoni yangu mtumbwi tumwachie huyo wa bapa moja, na kayaki iitwe kayaki. Jina hilo ni la Wainuit. Kule Greenland huandikwa qajaq, nalo hata ukilisoma kinyumenyume halibadiliki. Lilikuwa jina la chombo cha mwindaji mmoja: kiunzi cha mbao zilizoletwa na mawimbi, kikavikwa ngozi za sili zilizoshonwa na wanawake kwa mshono usiopitisha maji, vipimo vyote vikitoka kwenye mwili wa mwenyewe. Jina lililobeba kazi kama hiyo linastahili kukaribishwa lilivyo.

Ila likishaingia ndani ya Kiswahili, linakuta nyumba ina vyombo. Tuna mrama, kwa mfano. Siku hizi harusi huenda mrama, na biashara, na mkutano. Kwa asili kinachokwenda mrama ni chombo kinapolala ubavu huu na kurudi ubavu ule. Anayejifunza hukakamaa chombo kikianza mrama, na kukakamaa huko ndiko kunakompindua. Inabidi uilegeze nyonga, uache kayaki iyumbe chini yako huku kichwa kikibaki juu ya kitovu. Siku niliyoweza kukaa hivyo, mawimbi ya boti la watalii yakinipita ubavuni, nilifurahi kama mtoto.

Tuna ngama pia. Wahenga walisema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani, kwa kuwa baharia hata atembee vipi chomboni, mwisho atashuka pale chini maji yanapokusanyika ayakumbe. Kwenye kayaki huna tezi ya kwendea wala omo ya kusimama. Umeketi ngamani tangu ulipopanda, na kila tone linaloingia unalijua wa kwanza. Tuna bamvua na maji mafu: mwalimu wangu huwaita wanafunzi wapya siku za maji mafu, mkondo wa mlangoni mwa hori ukiwa umepoa, na hakuna anayeshuka bila jaketi okozi.

Pengo nililolikuta ni moja, nalo ni kubwa. Mwindaji wa Greenland alivaa tuilik, vazi la ngozi lililofungwa usoni, viganjani na kwenye mdomo wa kayaki. Akipinduka kwenye maji ya barafu hakuwa na nafasi ya kutoka aogelee. Ilimlazimu ageuke na chombo chake mpaka arudi juu, kwa kafi, kwa kibao cha kurushia chusa, au kwa mkono mtupu. Chama cha kayaki cha Greenland, Qaannat Kattuffiat, kilichoanzishwa mwaka 1985, huandaa mashindano ambamo njia hizo za kurudi juu ni zaidi ya 30, kila moja na jina lake. Sisi tuna kupinduka. Kurudi je?

Nimesikia ikiitwa kujigeuza, kujipindua, hata kubingirika. Zote zinaeleza mzunguko, hakuna inayosema kichwa kinakwenda wapi. Neno ninalolitetea ni kuibuka. Mpiga mbizi huzama akaibuka. Ndani ya kitenzi hicho kuna maji, kuna pumzi, kuna mwanga unaokaribia. Tena kinafundisha. Kosa la karibu kila mwanafunzi ni kutanguliza kichwa, na kichwa kikitangulia kinakirudisha chombo chini. Katika kuibuka kwa kayaki, nyonga hukigeuza chombo kwanza, kafi likitandazwa juu ya maji kupata egemeo, kiwiliwili kinafuata, na kichwa hutoka mwisho kabisa, shavu likiwa begani. Tendo moja ni mwibuko; ustadi wenyewe ni uibukaji.

Nilimweleza mwalimu wangu haya tukiwa tumesimama majini, yeye ameshika omo. Hakunijibu. Nikavuta pumzi, nikalala ubavu, nikapinduka. Chini pale maji ya Mida ni ya kijani na masikio yamejaa ukimya. Akagonga tumbo la kayaki mara mbili, na sauti yake ikanifikia nzito, kutoka mbali: “Ibuka!”