Miyomboni na Kitanzini: Historia ya Kamba

Msomaji mwenzangu, ukiingia Soko Kuu la Iringa utakuta mabunda ya kamba za plastiki, za bluu, za kijani, za njano. Ya kuanikia nguo ni hiyo, ya kufungia gunia la viazi ni hiyo, ya kumfungia mbuzi ni hiyo hiyo. Nimezinunua tangu nikiwa mtoto wa kutumwa dukani, na hata siku moja sikujiuliza watu wa zamani walikuwa wakifungia nini mizigo yao.

Swali hilo nililipata kwa aibu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kazi sina, nina madaftari mawili ya riwaya isiyokwisha. Nikaenda kumsalimia babu mzaa mama, kijijini upande wa Wanging'ombe. "Kamwene, babu." "Kamwene, mjukuu wangu." Siku ya pili kamba ya mbuzi, ya plastiki, iliyoliwa na jua, ikakatika. Nikasema ngoja nikimbie dukani. Mzee akacheka. "Dukani kuna nini? Lete panga."

Tukaenda kwenye miyombo. Akachagua tawi bichi, akalichuna gome. Gome la nje, lile gumu, akalitupa. La ndani, lenye nyuzi, akaliloweka, akaligongagonga, akalichana vipande vyembamba. Kisha akaketi, akakunja suruali, akaanza kusokotea pajani. Hapo ndipo nilipoiona akili ya kamba. Unachukua nyuzi mbili, kila moja unaisokota kuelekea upande mmoja. Halafu unazizungusha pamoja kuelekea upande wa pili. Kila uzi unataka kufumuka, lakini mwenzake anauzuia. Kumbe kamba inashika kwa sababu nyuzi zake zinavutana! Mimi nilisokota zote upande mmoja tu. Nilipoachia mkono, kamba yote ikafumuka mbele ya mzee.

Shuleni tulifundishwa historia ya mawe. Tulipelekwa Isimila, kama kilomita 20 kutoka mjini, tukaona mashoka ya mawe ya watu wa kale. Hapa mjini tunalo jiwe la Gangilonga, ambalo kwa Kihehe maana yake ni jiwe linalosema. Naam, mawe yanasema kwa sababu yanadumu. Kamba huoza. Lakini mwaka 2020 watafiti walitangaza kipande cha uzi kilichopatikana Abri du Maras, huko Ufaransa, chenye umri wa miaka kati ya 41,000 na 52,000. Urefu wake ni kama milimita 6 tu. Ni nyuzi tatu za gome la ndani la mti, kila moja imesokotwa upande mmoja, kisha zote zikaunganishwa upande wa pili. Waliousokota ni Neanderthal, wale tunaowachora vitabuni kama nusu nyani. Namna yao na namna ya babu ni moja.

Wenzetu wa pwani nao walikuwa na yao. Walifukia makumbi ya nazi kwenye mchanga wa ufukoni miezi kadhaa mpaka yalainike, wakayaponda, wakasokota. Zanzibar, upande wa mashariki, akina mama wamefanya kazi hiyo hadi zama zetu. Kwa kamba hizo zilishonwa mitepe, vyombo vilivyopasua bahari bila msumari hata mmoja. Kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki karibu miaka 2,000 iliyopita kinautaja mji wa Rhapta katika pwani yetu, na kinasema jina hilo limetokana na vyombo vya kushonwa. Ati mtu anakwambia Mwafrika hakuwa na ufundi!

Sasa turudi nyumbani. Jina la Iringa limetokana na neno la Kihehe, lilinga, yaani ngome. Jeshi la Mkwawa liliwapiga Wajerumani Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Wakarudi, wakaiteka Kalenga mwaka 1894. Mkwawa akaendelea kupigana porini hadi Julai 1898, alipojiua ili asikamatwe. Katika mji waliouanzisha Wajerumani yapo maeneo mawili jirani ambayo sisi tunayapita kila siku tukienda kijiweni: Miyomboni na Kitanzini. La kwanza limechukua jina la miti inayotoa kamba. La pili, wazee wa mjini husimulia, ni pale Wajerumani walipokuwa wakinyonga watu. Fuvu la Mkwawa lilirudishwa mwaka 1954 na limewekwa kwenye makumbusho ya Kalenga. Wa Kitanzini hawana makumbusho. Kamba zao zimeoza, likabaki jina la kata.

Lakini kamba iliyowavuta watu wengi zaidi kutoka Nyanda za Juu Kusini haikuwa ya kunyongea. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani, mmea ambao asili yake ni Mexico. Iliyosalimika Tanga ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo miche 62, kufikia mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka, ikiongoza duniani.

Nani aliyekata? Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo cha kukusanya vibarua, SILABU, na mawakala wake wakaja mpaka Njombe, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Iringa. Kila mtu alipewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Babu alipanda lori mwaka 1959, akiwa na miaka 19. Alifunga majani ya mkonge matita, kila tita majani 30, yakapelekwa kwenye mashine ya korona. Katika kilo 100 za majani, katani inayopatikana ni kama kilo 4. Sehemu kubwa ikapakiwa melini ikiwa ghafi, ikaenda kufunga majani ya ng'ombe Ulaya na Marekani.

Nilimuuliza kama huko Tanga aliwahi kusokota kamba. Akanyamaza kidogo. "Tuliondoka hapa tunajua kusokota," alisema. "Kule tulikuwa tunakata tu. Kusokota walisokota wengine."

Maneno hayo yameniuma kuliko tarehe zote nilizokariri kwa ajili ya mtihani. Katika miaka ya 1960 kamba za plastiki zilianza kuiteka soko, bei ya katani ikaporomoka. Mashamba mengi yalitaifishwa mwaka 1967. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umebaki karibu tani 20,000. Fundi wa kamba akafanywa mkataji wa majani, mkataji akakosa kazi, na mjukuu wake leo ananunua plastiki Soko Kuu.

Tunapenda kusema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Wajanja wameigeuza methali hiyo kuwa kisingizio cha kula mali ya umma. Mimi nauliza jambo jingine: kamba ya mbuzi huyo nani aliisokota, na nani alipima urefu wake?

Sisemi turudi kwenye magome. La hasha! Tukiichuna miyombo yote, tutabaki na Miyomboni ya jina tu, kama tulivyobaki na Kitanzini. Ninachosema, wenzangu tunaotaka kuandika, ni kwamba mada zipo majumbani mwetu, zimeketi kwenye kigoda, zina miaka themanini na kitu, na hazitatungoja. Jiwe litakusubiri. Mzee hatakusubiri.

Babu bado yupo, ila mikono imeanza kutetemeka. Nilisokota mara tano mpaka nikapata kipande kisichofumuka, kifupi tu, hakimtoshi mbuzi. Nimefungia madaftari yangu. Ile riwaya nimeianza upya, na inaanzia kwenye lori la mwaka 1959.