Vyuma Vimekaza: Neno Lililoniponza

Mimi ni mzaliwa wa Giteranyi, katika uliokuwa mkoa wa Muyinga, pale Burundi inapopakana na Tanzania. Vita vya 1993 vilipotuvusha mpaka nilikuwa mtoto, na Kiswahili nilikiokotea kambini Lukole, wilaya ya Ngara. Basi nilipopata kazi ya ukalimani katika kambi moja ya Kigoma, nilijiona bingwa wa lugha. Mwaka 2017 neno moja likanishusha.

Tuanze na historia kidogo. Maneno ya mtaani hayakuletwa na simu. Nairobi, miaka ya 1960, nauli ilikuwa mapeni matatu, na gari lenyewe likaitwa matatu. Dar es Salaam, miaka ya 1980, shilingi tano iliitwa dala mtaani, makondakta wakawa wanaita "dala! dala!", na daladala ikazaliwa. Nauli zile zimekufa zamani, majina yamebaki. Maneno hayo yalisafiri polepole, mdomo kwa mdomo, na mara nyingi aliyekuletea neno alikueleza na maana yake.

Utani wa mtandaoni haungoji maelezo. Wakenya walipoanza kumwita Rais Ruto "Zakayo" mwaka 2023 kwa sababu ya kodi, kwa kumkumbuka yule mtoza ushuru wa kwenye Injili, haikuchukua muda. Siku hizi hapa kambini mama anayekusanya michango ya kikundi anaitwa Zakayo na watoto ambao hawajui hata Nairobi iko wapi.

"Vyuma vimekaza" nao ulipita njia hiyohiyo. Ulivuma Tanzania baada ya Magufuli kuingia madarakani Novemba 2015, pesa zilipoanza kuadimika mifukoni. Watu walitaniana kwenye WhatsApp na Facebook: vyuma vimekaza, yaani hali ni ngumu, hela hakuna. Vijana wetu waliokuwa wakivuka Kobero kwa biashara ndogondogo wakarudi nao Giteranyi.

Sasa Januari 2017 Tanzania iliacha kuwapokea Warundi kwa pamoja kama wakimbizi. Kila mtu akatakiwa aeleze mwenyewe, mmojammoja, kwa nini amekimbia. Kijana mmoja wa kwetu akaulizwa maisha yalikuwaje nyumbani kabla hajaondoka. Akacheka kidogo, akajibu: "Vyuma vilikaza, kaka." Mimi nilikuwa sina simu ya tachi, utani ule sikuujua. Nikafikiria pingu. Nikatafsiri kwamba alifungwa minyororo.

Kwenye mahojiano ya pili, mbele ya mkalimani mwingine, akaulizwa alifungwa wapi. Akasema hajawahi kufungwa. Ikaandikwa kwamba maelezo yake yanapingana.

Alinifuata nyumbani jioni, akaniuliza, "Kaka, ulisema nini kule ndani?" Nilipoelewa, jasho lilinitoka. Kesho yake nikaenda kukiri kosa langu. Faili lilirekebishwa, lakini miezi ilikuwa imepita na kijana halali usingizi.

Baadaye nilimuuliza kwa nini hakusema tu kwamba walikuwa na njaa. Akaniambia: "Kusema njaa mbele ya watu ni aibu. Ukisema vyuma, mnacheka, yanaisha." Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya neno lile. Kwake lilikuwa nguo ya kufunika aibu, na mimi niligeuza nguo hiyo kuwa pingu.

Kwa hiyo ndugu zangu wa mashirika, na wakalimani wenzangu, mtu akisema neno la mtaani akacheka, msiandike kwanza. Muulizeni, "Hapo una maana gani?" Na ninyi vijana, mkiingia chumba cha mahojiano, utani uacheni mlangoni, mtauchukua mkitoka. Siku hizi mimi huuliza kila neno, hata nikionekana mshamba. Yule kijana ananiita "Mzee wa Vyuma". Sijamkataza.