Karatasi ya Mombasa

Mwezi wa Aprili 1498, merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga nje ya Mombasa. Watu wake wawili waliotumwa mjini waliingia nyumbani kwa wafanya biashara, wakaonyeshwa karatasi yenye picha iliyoabudiwa humo. Wareno wakaandika kuwa wenyeji wao ni Wakristo, na picha ile ni ya Roho Mtakatifu.

Je, msomaji, hayo waliyajua, au waliyaamini tu? Wataalamu wa baadaye huwadhania wenye nyumba kuwa Wahindu. Maandiko ya kale ya Wahindu huitwa Veda, maana yake “ujuzi”. Ujuzi huo haukuwafikia wageni. Mwezi wa Mei, huko Calicut, walisali katika hekalu wakilidhani kanisa, ingawa “watakatifu” waliochorwa ukutani walikuwa na mikono minne. Castanheda asimulia kwamba João de Sá, akiwa amepiga magoti, alisema: ikiwa hawa ni mashetani, mimi namwabudu Mungu wa kweli. Da Gama akatabasamu.